Shika Kiti

4 Februari

Kaka,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na mwenye hasira kidogo, maana ikikukuta umetulia hutajibu.

Upepo wako unatupwa. Sikupata namna ya kulisema hili kwa upole. Kila asubuhi namba zako huingia hapa ofisini kwa redio kabla sijavua koti, na kila asubuhi mashine inazisoma, inazikataa, inaziweka kwenye faili tunaloliita kapu. Zimepita kiasi. Mashine hukisia upepo wa leo kwa kuangalia wa jana. Kituo kikileta namba iliyo mbali mno na makisio hayo, inachukuliwa kwamba chombo kimeharibika. Kanuni hiyo niliiandika mimi, mwaka wangu wa kwanza hapa, na nilipongezwa kwa ajili yake.

Unajua kazi yetu, ingawa shangazi bado anawaambia watu kwamba ninasoma hali ya hewa redioni. Tunapima jinsi hewa yote inavyoizunguka dunia, ili tubashiri dunia yenyewe itazungukaje juma lijalo. Siku haina urefu mmoja. Inarefuka na kufupika kwa kitambo kidogo sana, kifupi kuliko kupepesa ukope, lakini wanaoongoza vyombo vya angani wakikikosea wanapotea njia. Na kitambo hicho, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya upepo.

Kituo chako kiko peke yake. Pande zote za nyanda hizo hakuna mwingine anayerusha puto, kwa hiyo namba yako ikikubaliwa hutandazwa kama shuka moja juu ya vitanda vingi. Ndiyo maana Mkuu wangu ameanza kuuliza. Anasema kituo kinacholeta uongo ni afadhali kifungwe. Tafadhali kagua dishi linaloyafuata maputo, kagua visanduku mnavyoning'iniza chini ya maputo, muulize mwenzako. Wakikifunga utakwenda wapi, wewe usiyeweza kukaa mjini siku mbili bila kugombana na jirani?

Ile "shika kiti" unayoiandika mwisho wa kila taarifa, mahali pa maoni, mashine huisoma pia. Haielewi. Mimi huelewa, ndiyo sababu ninachungulia kapu kila siku wakati si kazi yangu.

Mdogo wako,
Kitinda

*

19 Februari

Kitinda,

Nimekasirika kama ulivyoagiza.

Yaani Baba kanyoa vichwa vya mtaa mzima mpaka vidole vikakakamaa, ada yako ikapatikana, ukasoma, ukafaulu, ili uje kuandika kanuni ya kumkataa kaka yako. Nilicheka kwa sauti, kisha nikaona haya, maana hapakuwa na mtu wa kucheka naye. Mwenzangu alishuka kumuuguza mkewe na hajarudi. Usimwambie Mama. Ataanza kunitafutia mke wa kunitunza, na mwanamke gani atakubali kuja kutunza mtu huku?

Dishi ni zima. Nikueleze kulivyo. Chini hapa hakuna upepo hata wa kuzimia kiberiti. Bendera imelala kwenye mlingoti kama shati lililosahauliwa kambani. Mlango wa banda la maputo, uliokuwa ukijipiga mchana kutwa tangu nilipoajiriwa, umenyamaza, na mimi nimekuwa nikiupiga teke kila nikipita ili nisikie kitu. Moshi wa jiko unapanda hadi juu ya paa, unasimama. Unasimama, Kitinda. Naukuta pale pale nikitoka tena.

Lakini puto likinitoka mkononi na kufika huko juu, linakwenda arijojo upande wa mashariki kwa kasi ambayo sijawahi kuiona. Hicho ndicho ninachowatumia.

Huniamini, sawa. Si wewe unayepima dunia? Basi iulize dunia. Unakikumbuka kiti cha Baba cha kunyolea? Akishafunga duka nilikuwa nakukalisha, nakuambia shika kiti, nakuzungusha. Ukinyoosha mikono kiti kinazubaa, ukiikunja kinakimbia. Mimi nilikuwa nafumba macho, na bado nilijua mikono yako iko wapi, kwa mwendo wa kiti tu. Hukuweza kunidanganya hata siku moja. Fanya hivyo hivyo na mimi. Fumba macho, angalia kiti.

Kaka yako

*

6 Machi

Kaka,

Nimefumba macho na kuangalia kiti.

Kuna madishi makubwa, mbali na hapa, yanayosikiliza redio za vitu vilivyo nje kabisa ya nyota tunazoziona, na kwa kulinganisha lilichosikia hili na lilichosikia lile, wataalamu wanajua dunia imegeuka kiasi gani. Kipimo chao hutufikia siku chache baada ya upepo. Hesabu inatakiwa kufunga: upepo ukiongeza mwendo kuelekea mashariki, dunia inapunguza wake, na siku inarefuka; upepo ukilegea, dunia inajirudishia. Mmoja hatoi ila mwenzake kapokea.

Tangu Januari hesabu yetu haikufunga. Siku zilikuwa zinarefuka na hatukujua nani kauchukua huo mwendo. Nikaingia kwenye kapu, nikazitoa namba zako zote, nikazitia kwenye hesabu kwa siri, saa ya chakula, wenzangu wakiwa nje.

Imefunga. Imefunga kama mlango mpya. Nilikaa na mikono mapajani, nikaona haya mbele ya skrini.

Nilimpelekea Mkuu. Aliniuliza mara mbili kama nimekosea, kisha akaniagiza niilegeze kanuni kwa ajili ya kituo chako peke yake. Sasa upepo wako unapita bila kugongewa mlango, na ubashiri wetu haujawahi kuwa mzuri namna hii. Zimekuja pongezi kutoka kwa watu ambao zamani hawakutujibu hata salamu. Mkuu anatembea kama aliyeoa jana.

Nilitaka kukuomba msamaha kwa maneno mengi, lakini najua utayacheka, kwa hiyo nakuomba kwa moja.

Jambo jingine ni dogo, ni lako peke yako. Siku ile hesabu ilipofunga, nilinyanyua macho nikaona pazia la ofisi limeganda. Dirisha lilikuwa wazi. Njoo likizo, Kaka. Sipendi ukae huko peke yako.

Kitinda

*

8 Machi

Kitinda,

Sijapata jibu lako. Dereva wa barua anapita kesho na nataka aondoke na hii kabla moyo haujanigeuka.

Endelea kuzitupa namba zangu. Hakuna puto.

Mitungi ya gesi ilikwisha mwezi wa Januari. Gari la gesi lilitakiwa lije, halikuja, na redio ya kituo hii hutuma namba na maoni kwa mashine tu, haiitishi mtu. Kituo kikinyamaza kinafungwa, unajua. Nikasema nitakisia siku moja, mbili, mpaka gesi ifike. Yale niliyokuandikia, puto kunitoka mkononi na kukimbilia mashariki, niliyatunga. Bendera, mlango na moshi sikuvitunga.

Sasa sikiliza. Siku ya kwanza nilikaa mezani nikataka kuandika mita ishirini kwa sekunde, maana ndiyo kawaida ya msimu. Ishirini haikukaa. Sijui niieleze vipi. Ni kama unapoanza wimbo ukajua umeanza chini mno, unapandisha. Nilipandisha thelathini, nikapandisha arobaini, mpaka ikakaa, ndipo mkono ukatulia. Na kila asubuhi tangu hapo ni hivyo hivyo. Sikisii, Kitinda. Natafuta inapokaa.

Uliposema namba zangu zinatupwa nilipata nafuu ambayo sikukuonyesha. Niliringa tu, nikakutuma uiulize dunia, nikijua itakwambia ni uongo, na wewe utajua la kufanya bila mimi kutamka. Basi imekwisha kukwambia, nadhani. Wakikifunga kituo nitakuja nikae kwako na nigombane na majirani.

Kaka yako

*

21 Machi

Kaka,

Barua yako niliisomea ngazini, kati ya ghorofa na ghorofa, kwa sababu sikuweza kungoja nifike juu. Kisha sikuweza kupanda wala kushuka.

Sasa umekwisha kuisoma yangu ya tarehe sita. Kwa hiyo unajua. Sirudii.

Nilikaa na jambo hili siku kadhaa, halafu nikaenda kwa Mkuu na kumwambia kwamba namba za kituo zinaandikwa mezani na mtu asiye na puto. Nilidhani atasimama. Aliendelea kukoroga chai. Akaniuliza kama hesabu bado inafunga. Nikamwambia inafunga, tena leo kuliko jana. Akasema, "Binti, kaka yako anaweza kudanganya. Dunia haina ndugu pale." Kisha akaniomba nifunge mlango nikitoka.

Nimeifikiria sentensi hiyo kwa pande zote. Kwake inatosha. Mimi nimebaki na swali moja, nitakuuliza wewe kwa sababu hakuna mwingine wa kumuuliza: namba yako hufika kwanza. Kipimo cha dunia hufuata siku chache baadaye. Mwanzoni nilidhani wewe unausikia upepo kabla yetu. Sasa sijui nani anamsikiliza nani.

Acha kutuma. Lakini usinyamaze tu ghafla. Kituo kikinyamaza, mashine hushika namba yake ya mwisho na kuendelea nayo, siku baada ya siku, mpaka ipate nyingine. Kanuni hiyo pia ni yangu. Kwa hiyo andika namba ndogo, ya kawaida, hata kama haikai, kisha funga uje. Nimezungumza na Dereva. Yuko tayari kupanda hata kesho ukisema.

Mama ameuliza habari zako. Nimemwambia umenenepa.

Kitinda

*

5 Aprili

Kitinda,

Uliiona ile tisini. Lazima uliiona.

Nilitaka kujithibitishia kwamba yote ni bahati, nipate usingizi. Asubuhi ile mkono ulitaka hamsini. Nikaandika tisini kwa ukaidi, nikaweka na "shika kiti" yangu, nikatuma, nikaenda kunawa. Maji kwenye karai yalikuwa yameegemea upande wa mashariki. Nimesema yameegemea. Hayakuwa yanacheza, yalikuwa yameinama na kutulia hivyo, kama abiria dereva akikanyaga breki, ila wao hurudi kwenye viti vyao na haya hayakurudi. Nilisimama na sabuni mkononi mpaka ikakauka.

Nikarudi mezani, nikajaribu hamsini. Haikukaa tena. Tisini ndiyo iliyokaa.

Hivyo usiniambie niandike ishirini nifunge. Nimefikiria sana, na huku kufikiri ndiyo kazi pekee iliyobaki. Ukimzungusha mtoto kwenye kiti halafu ukikishika ghafla, anaruka. Ulishawahi kuruka, ukaangukia ndoo ya nywele, mimi nikachapwa. Nitaishusha kidogo kidogo. Kila siku natafuta namba ndogo kuliko ya jana ambayo bado itakubali kukaa, hata kwa shingo upande. Ni kama kumlaza mtoto aliyesinzia begani: ukiharakisha, anaamka.

Usimtume Dereva mpaka nifike ishirini. Utaona mwenyewe kwenye namba. Ikifika, na ikikaa, nitazima redio kabisa, mashine yenu ishike hiyo ishirini na iendelee nayo milele ikitaka. Hapo ndipo nitakuwa nimemaliza kazi yangu, nadhani.

Naogopa. Nimeliandika mwisho ili usilisome kwanza.

Kaka yako

*

26 Aprili

Kwa dada wa ofisini,

Uliniomba nikuandikie nitakavyomkuta, nami si mtu wa kalamu, nisamehe. Barua hii nimempa kaka yako akuletee mwenyewe. Amelala safari nzima, hajui nilichoandika.

Nimemkuta mzima ila amekonda, usimwambie tena mama yenu kwamba amenenepa. Alikuwa amekwisha kufunga vitu vyake. Nilimuona kwa macho yangu akizima redio, akachomoa nyaya, akatoa betri zote mbili akanipa nizipakie. Nimezikalia mimi, ziko chini ya kiti changu hadi sasa. Akafunga mlango wa kituo, ufunguo akanipa mimi nikauweke makao makuu. Ninao. Kwa hiyo huko juu hakuna mtu, hakuna redio, hakuna betri. Nakuandikia hivyo kwa sababu uliniuliza mara mbili.

Sasa kuna jambo sijui kama ni la kuandika. Unajua vumbi la njia ile, huwa natema udongo siku tatu. Kwenda nililitimua kama kawaida. Tukirudi nikalikuta limesimama. Juu ya barabara, kutoka kona hadi kona, urefu wa gari langu kwenda juu, vumbi nililotimua mwenyewe wakati wa kupanda, halijashuka na halijaondoka. Tukapita katikati yake kwa taa. Nimeendesha magari tangu sijaota ndevu. Nilimwamsha kaka yako aone, akaangalia, akasema, "Litakaa tu," akalala tena.

Gesi yenu bado iko bohari. Waliandika jina la kituo kingine.

Dereva

*

29 Aprili

Kaka,

Nimerudi nyumbani mara moja mchana huu na bado umelala, na viatu. Nimekuvua, hukusikia. Chai iko kwenye chupa, mkate umefunikwa na sahani. Nimefurahi kukuona kwenye kitanda changu kuliko ninavyoweza kukuambia ukiwa macho, kwa hiyo nakuambia sasa.

Ishirini ilifika na ikakaa. Jana hesabu ilifunga, siku ilikuwa fupi kama siku nyingine zote za msimu huu, na Mkuu alinuna kidogo kwa sababu hapakuwa na cha kujisifia. Nilitaka uamke uisikie habari hiyo peke yake.

Lakini nifanyie jambo, bila kuniuliza. Kalamu iko pembeni ya chupa. Kama ungekuwa kule kwenye meza yako leo asubuhi, ungeandika namba gani? Igeuze karatasi hii, uandike nyuma. Usinionee huruma, andika inayokaa.

Chini ya bilauri kuna karatasi nyingine, nimeikunja na kuibandika kwa gundi. Usiifungue mpaka nirudi.

Kitinda

*

(nyuma ya karatasi ile ile)

Kitinda,

Chai ilikuwa imepoa, nimeinywa hivyo hivyo. Sijaifungua karatasi yako, ingawa unajua navyopenda kufungua vitu vya watu.

Nimeanza na ishirini. Naapa nimeanza nayo, nimeiandika, utaiona hapo chini nimeikata. Haikukaa. Nimekwenda dirishani kupumzisha mkono. Pazia lako halijatikisika tangu niamke. Nilidhani mjini ndivyo kulivyo, mpaka nilipotazama chini nikaona nguo za majirani kwenye kamba, zote zimeganda upande mmoja, na hakuna anayeziangalia.

~~Ishirini~~
~~Arobaini~~
Sitini na tatu.

Kama nimekosea, chana karatasi zote mbili tule, nina njaa ya miezi. Kama sijakosea, usinifiche. Nitaketi hapa hapa jikoni kwako nianze kuishusha upya, nawe uwe unanisomea kiti. Sijui tu nani atakuwa ameshika redio upande ule, maana betri ziko kwa Dereva.

Kaka yako

*

(ndani ya karatasi iliyobandikwa)

Imeingia leo asubuhi kabla sijavua koti, kutoka kituo chako, wewe ukiwa umelala kwangu:

Upepo wa juu, kutoka magharibi: sitini na tatu.

Maoni: shikeni kiti, wewe na kaka yako.